Michezo ya Kompyuta Nje ya Windows: Mchezaji Husaidiwa na Nani?

Siku hizi haipiti wiki ila mzazi mmoja hulalamika juu ya watoto na michezo ya kompyuta, ambayo vijana wenyewe huiita gemu. Wako wasemao ni kupoteza wakati, na wako wasemao ni maarifa ya zama hizi. Katika makala haya sitaingia katika ugomvi huo. Nataka kueleza jambo moja lililo jirani nao, ambalo halizungumzwi sana, nalo ni hili: kijana mwenye kompyuta kuukuu na mfuko mdogo, asiyetaka kutumia kitu cha wizi, atacheza kwa njia gani, na akikwama atasaidiwa na nani? Swali hili sikulitafuta. Nililikuta Bahi, nyumbani kwa dada yangu.

HESABU ZILIZOPOTEA

Bahi ni nchi ya mpunga. Msafiri atokaye Dodoma kuelekea Manyoni na Singida huipita njiani, na watu wa zamani huijua kwa stesheni yake katika Reli ya Kati, iliyojengwa zama za Wajerumani. Dada yangu hulima huko, na pamoja na kilimo ameaminiwa na wanawake wenzake kuwa mtunza hesabu wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mwaka 2024 alinunua kompyuta ya mkononi iliyotumika, iliyotengenezwa mwaka 2016, akawa anaingiza humo hesabu za kikundi. Mchana kompyuta ilikuwa ya mama, na usiku ilikuwa ya mwanawe, mpwa wangu, kijana wa sekondari.

Mwishoni mwa mwaka 2025 nilipofika kuwajulia hali, nilikuta nyumba imenyamaza. Mpwa wangu alikuwa ameletewa na rafiki yake flashi yenye mchezo wa mpira wa miguu. Mchezo ule kwa asili ni wa kuuzwa, lakini huu wa kwenye flashi ulikuwa umevunjwa kufuli lake na watu wasiojulikana, ndio vijana wauitao kreki. Maelezo yaliyoambatana nao yalimwamuru azime kwanza programu ya kuzuia virusi. Akaizima. Mchezo ukafunguka, akacheza siku mbili. Siku ya tatu dada yangu alipotaka hesabu zake, alikuta kila faili limebadilishwa jina na halifunguki, na kwenye kioo pana tangazo la Kiingereza la kudai fedha.

Hesabu za miezi minne hazikuwa zimenakiliwa daftarini. Ikambidi dada yangu azunguke nyumba kwa nyumba akiwauliza wenziwe: "Wewe uliweka kiasi gani mwezi wa Agosti? Nawe ulikopa lini?" Hakuna aliyemtuhumu kwa kinywa, lakini mtu aliyewekewa amana ajua uzito wa kuuliza maswali kama hayo.

Baada ya sala ya Isha kijana alinijia barazani. "Mjomba," aliniambia, "kosa ni langu, na mama nimekwisha mwomba radhi. Lakini mchezo wenyewe bei yake siiwezi. Hata hii Windows si ya kununua, fundi aliiweka tu. Sasa nikiviacha vyote vya kuvunjwa, nitabaki na nini?"

Hilo ni swali la haki, na swali la haki halijibiwi kwa ukali. Kumwambia "acha michezo yote" ni rahisi, lakini si jibu, maana mchezo wa halali kwa kiasi haujakatazwa kijana. Yapasa aonyeshwe mlango mwingine.

NYUMBA NYINGINE IPO

Kila kompyuta huwa na programu kuu inayosimamia zote nyingine: ndiyo inayopokea amri za mtumiaji, inayogawa kazi, na inayokiambia kioo kionyeshe nini. Wataalamu huiita mfumo endeshi. Kompyuta nyingi za nyumbani hutumia Windows, ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Basi tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuitunza Windows 10, iliyotoka mwaka 2015. Aliyetaka kuendelea kupata ulinzi bila ya masharti ilimpasa ahamie Windows 11. Nayo hudai kifaa maalumu cha usalama na kichakato cha miaka ya karibuni. Kompyuta ya mwaka 2016 kama ya dada yangu haimo katika orodha. Si mbovu, ila mwenye duka ameifungia mlango.

Nyumba nyingine ni Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland. Hakuifungia. Aliitoa kwa leseni ya ruhusa, kwamba kila mtu aweza kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kumpa mwenzake, madhali naye hawazuilii wengine haki hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akimnakilia jirani yake Linux kwenye flashi, hakumwibia mtu. Ni kinyume cha mchezo uliovunjwa kufuli, maana programu za kompyuta zinalindwa Tanzania Bara na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuiba kazi ya jasho la mtu ni wizi hata kama mwenyewe yuko mbali wala hatatuona.

Wala Linux si ngeni kwetu. Aina yake moja mashuhuri, Ubuntu, ilitolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni la Kibantu, maana yake ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2011, kampuni yake ilikuwa ikiwapelekea watu sahani za programu hiyo kwa posta bila malipo popote walipo duniani. Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Hivyo watu wetu walikwisha kuionja kazi ya namna hii tangu zamani. Lililowashinda wengi kuhamia Linux, hasa vijana, ni jambo moja tu: "Gemu zetu hazichezeki huko."

MKALIMANI AITWAYE WINE

Kwa miaka mingi maneno hayo yalikuwa kweli. Mchezo huandikwa kwa kuelekezwa kwenye mfumo mmoja, na mfanya biashara huandika kwa ajili ya soko kubwa. Mwaka 1998 ilianzishwa Marekani kampuni iitwayo Loki Software, ambayo kazi yake ilikuwa kuchukua michezo ya Windows na kuigeuza iwe ya Linux. Haikudumu. Ilifungwa Januari 2002, kwa kuwa wanunuzi hawakutosha. Hata hivyo haikuondoka bila kuacha kitu: programu ya msingi iitwayo SDL, aliyoianzisha Sam Lantinga wa kampuni hiyo, hutumiwa mpaka leo na michezo mingi katika mifumo yote.

Njia ya pili ilianza mwaka 1993, nayo ni programu iitwayo Wine. Jina hilo lisimtishe msomaji. Neno lenyewe kwa Kiingereza ni mvinyo, lakini hapa ni herufi za kwanza za maneno yenye maana kwamba kitu hiki hakiigizi kompyuta nyingine. Kazi yake ni ukalimani. Mchezo wa Windows ukitaka dirisha lifunguliwe au faili lisomwe, hutoa amri kwa lugha ya Windows. Wine huisikia amri ile, huigeuza papo hapo kuwa amri ya Linux, na Linux huitekeleza. Ndani yake hamna Windows hata kidogo, kama vile ndani ya mkalimani wa mahakama hamna mshitaki. Kazi hiyo imeongozwa tangu mwaka 1994 na Alexandre Julliard.

Tabu ilibaki katika picha. Michezo ya Windows huchora picha kwa lugha yake iitwayo Direct3D, na kuifasiri kwa njia za zamani kulikuwa kuzito. Mwaka 2016 ikatoka lugha mpya ya kuchora iitwayo Vulkan, inayofahamika na mifumo mingi. Hapo akatokea kijana wa Kijerumani, Philip Rebohle, aliyetaka kucheza mchezo mmoja uitwao NieR:Automata katika Linux, akaona hauchezeki vizuri. Hakungoja mtu. Aliandika mwenyewe mkalimani wa kugeuza Direct3D kuwa Vulkan, akauita DXVK, na mapema mwaka 2018 watu wote wakawa wanautumia. Tazameni, ndugu zangu, jinsi haja ya mtu mmoja ilivyokuwa manufaa ya wengi, kwa sababu tu hakuificha kazi yake.

Duka kubwa la michezo liitwalo Steam, la kampuni ya Valve, lilikuwa limekwisha kutoa toleo lake la Linux tangu Februari 2013. Valve haikufanya hivyo kwa sadaka. Mkuu wake, Gabe Newell, alikwisha kusema hadharani mwaka 2012 kwamba anahofia njia ambayo Windows 8 inaelekea, na mwenye duka hapendi duka lake lote liwe katika uwanja wa mtu mwingine. Valve ikaanza kumlipa Rebohle aendelee na DXVK, ikashirikiana na CodeWeavers, ambayo ndiyo kampuni anayofanya kazi Julliard, na mwezi wa Agosti 2018 ikatoa Proton, yaani Wine na DXVK na vitu vingine vilivyofungwa pamoja ndani ya Steam. Mchezaji hubonyeza tu, na ukalimani hufanyika pasipo yeye kujua. Februari 2022 Valve ilianza kuuza kifaa cha kuchezea mkononi, Steam Deck, ambacho mfumo wake ni Linux. Kutoka hapo, michezo ya Windows iliyokuwa haichezeki katika Linux ikawa inachezeka kwa maelfu.

MSAADA HUTOKA WAPI

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Mtu anunuapo mchezo kwa ajili ya Windows, muuzaji ameandika mashine inayohitajika, na ukimshinda humwandikia muuzaji. Lakini mwenye Linux akimwandikia muuzaji, mara nyingi hujibiwa kwamba mfumo huo hauhudumiwi. Sababu yake ni ya soko: katika hesabu za Steam za Oktoba 2025, wenye Linux walikuwa asilimia 3 tu na kidogo juu, na hata hiyo ilihesabiwa kuwa rekodi. Muuzaji hawezi kuwaajiri watu kwa ajili ya wateja watatu katika mia.

Basi ni nani amsaidiaye? Kwanza ni Valve yenyewe, ambayo hupima michezo na kuipa alama ya kuonyesha kama yafaa kwa Steam Deck, kama yachezeka kwa taabu kidogo, au kama haifai. Tena duka hilo lina kanuni ambayo kila mzazi aijue: mchezo ulionunuliwa waweza kuombewa fedha zirudishwe ndani ya siku 14, ikiwa haujachezwa zaidi ya saa 2. Kwa mwenye Linux kanuni hii ni kinga kubwa, maana hujaribu kwanza, na ukikataa huurudisha.

Pili, na hili ndilo kubwa, husaidiwa na wachezaji wenziwe. Tangu mwaka 2018 iko daftari ya hadhara iitwayo ProtonDB. Kila mchezaji apendaye huandika humo: mchezo fulani, kwenye kompyuta ya namna fulani, umekwenda au umekwama, na kama umekwama aliutengeneza vipi. Kutokana na taarifa hizo mchezo hupewa daraja kwa majina ya madini: platinamu kwa unaokwenda bila kuguswa, dhahabu kwa unaotaka marekebisho kidogo, kisha fedha, kisha shaba, na mwisho kabisa ule usiofunguka. Hakuna anayelipwa kwa kuandika. Mtu aliyehangaika usiku kucha mpaka akapata dawa huiandika, ili mwingine asihangaike.

Huo, kwa hakika, ni ule ule msaada tuujuao Bahi. Mwenye jembe la ng'ombe hulima kwa asiye nalo, na siku ya kuvuna asiye nalo huja na mikono yake. Hakuna hati iliyoandikwa. Lakini kila mmoja ajua kwamba msaada uliochukuliwa ni deni.

SWALI LISILOJIBIWA NA SWALI LILILOJIBIWA

Kesho yake tulikwenda mjini Dodoma, tukapakua Linux Mint mahali penye mtandao mzuri, kwani ukubwa wake ni gigabaiti 3 hivi, na bando la simu halipendi mzigo huo. Tukaiweka kwenye flashi, tukarudi, tukaifuta ile Windows pamoja na virusi vyake. Kabla ya mchezo wowote, tulimfungulia dada yangu LibreOffice, ambayo ni mtoto wa ile OpenOffice, tukamwandalia hesabu upya, na tukakubaliana kwamba kila Ijumaa zitanakiliwa mara mbili: kwenye flashi yake, na kwenye daftari.

Kisha tukaiendea michezo. Tulianza na ile iliyo huria, isiyouzwa wala kuibwa. SuperTuxKart ni mashindano ya vigari, haufiki gigabaiti moja, na wawili au watatu huweza kuucheza kwenye kompyuta moja. The Battle for Wesnoth, ulioanza mwaka 2003, ni wa kupanga vita kwa zamu, kama mtu achezavyo bao kwa kufikiri. 0 A.D. ni wa kujenga miji ya zamani. Humo zimo dola za Waroma na Wayunani, na pia Karthago na Kushi za bara letu la Afrika, na kijana aliniuliza maswali ya historia ambayo sikuwa tayari kuyajibu.

Baada ya hayo nilimnunulia katika Steam mchezo mdogo wa mafumbo uliokuwa umepunguzwa bei, ulioandikwa kwa Windows pekee. Ukafunguka kwa sauti, lakini kioo kikabaki cheusi. Kijana akaharakisha kuandika kwa wachezaji wenziwe ulimwenguni: "Mchezo haufanyi kazi, nisaidieni." Siku ikapita, hakuna aliyejibu. Akaniambia kwa hasira, "Mjomba, hawa watu wana kiburi."

Nilimwambia: "Mgonjwa akifika zahanati akasema 'naumwa' kisha akanyamaza, daktari atampa dawa gani?" Tukakaa, tukaandika upya. Tukataja aina ya kompyuta na mwaka wake, ukubwa wa memori, jina la kifaa kinachochora picha na toleo la programu inayokiongoza, toleo la Linux, na toleo la Proton. Tukaeleza tulichofanya hatua kwa hatua, na kile kilichotokea: sauti ipo, picha hapana. Tukaambatanisha faili la kumbukumbu ambalo Proton huliandika ikiamriwa. Tukamaliza kwa kusema tumekwisha kujaribu nini, na asante.

Jioni jibu lilifika kutoka kwa mtu wa nchi ya mbali, ambaye hatumjui na hatujui. Alisema tuchague toleo la Proton la nyuma kidogo, kwa mchezo ule peke yake. Tukafanya. Picha ikatokea. Kijana alicheka, kisha akataka kuanza kucheza.

"Bado," nilimwambia. "Mwandikie kwanza kwamba imefaa, umshukuru, kisha iandike ile taarifa katika daftari la wote. Kesho kuna mwingine mwenye kompyuta kama yako."

Aliandika mistari mitano. Ilimchukua nusu saa, kwa kuwa Kiingereza chake bado ni cha shuleni, lakini ilikuwa mistari ya kweli na ya manufaa. Dini yetu imetufundisha kumshukuru aliyetutendea wema. Na shukrani ya msaada wa namna hii ni kuufikisha mbele.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Isifikiriwe, hata hivyo, kwamba kila kitu huwezekana. Mwenye kuhama apaswa kuambiwa kweli yote kabla hajahama, asije akajuta.

Michezo ya kushindana kwa mtandao huwa na walinzi wa kuzuia wadanganyifu, na baadhi ya walinzi hao hukaa katika kiini cha Windows, mahali ambapo mkalimani hafiki. Mwaka 2021 walinzi wawili wakubwa, Easy Anti-Cheat na BattlEye, waliruhusu kutumika pamoja na Proton, lakini kila mtengenezaji aachiwa hiari yake, na wengi hawajapenda. Fortnite na Valorant hazijafunguliwa kwa Linux. Rocket League uliacha kuihudumia Linux mwezi wa Machi 2020, na Apex Legends ukawafungia mlango wenye Linux mwishoni mwa Oktoba 2024, ukitaja wadanganyifu kuwa ndio sababu. Na mpira wa miguu wa kampuni ya EA, ambao ndio kipenzi cha vijana wetu, tangu FIFA 23 ya mwaka 2022 umewekewa mlinzi wa namna hiyohiyo katika kompyuta. Mpwa wangu aliposikia hilo aliinamisha kichwa. Sikumficha. Akitaka mpira huo atauchezea kwa rafiki mwenye PlayStation, kwa saa zinazojulikana nyumbani.

Wala si Linux peke yake yenye matatizo hayo. Wenye kompyuta za Apple waliamka mwezi wa Oktoba 2019, lilipotoka toleo la macOS liitwalo Catalina, wakakuta michezo yao mingi ya zamani haifunguki tena, kwa sababu kampuni iliondoa uwezo wa kuendesha programu za namna ya zamani. Walikuwa wameinunua kwa fedha zao halali. Basi kila aishiye katika nyumba ya mtu ajue kwamba funguo ziko kwa mwenyewe.

Jambo la mwisho ni nguvu za mashine. Linux haimpi punda miguu ya farasi. DXVK ya tangu Novemba 2022 hudai Vulkan ya toleo la 1.3, na kompyuta za zamani zaidi, kama zile za mwaka 2012 au 2013, mara nyingi hazinalo. Hizo zitafaa kwa kazi, na kwa michezo huria iliyo myepesi, na kwa ile ya zamani. Anayemwuzia kijana kompyuta kuukuu na kumwahidi michezo ya mwaka huu anamdanganya.

MASHAURI KWA WAZAZI NA VIJANA

Kwenu wazazi: msipuuze swali la mtoto kwa kuwa linahusu mchezo. Hasara ya dada yangu haikuletwa na mchezo, bali na kufuli lililovunjwa na na mtoto aliyekosa mtu wa kumwuliza. Hesabu za nyumba, picha za ukoo, na kazi ya shule zisikae mahali pamoja tu. Mchezo ukinunuliwa, ununuliwe kwa kuangalia kwanza daraja lake na taarifa za wenye kompyuta kama yenu. Na saa za kucheza zipangwe kama zinavyopangwa saa nyingine, sala na masomo vikitangulia.

Kwenu vijana: yeyote akuambiaye uzime kinga ya kompyuta ili mchezo wake uingie, huyo hakuletei mchezo. Ukihamia Linux, usihame kwa hasira usiku mmoja. Iweke kwanza kwenye flashi, ijaribu bila kuigusa hadi diski, uone kama sauti, picha na mtandao vinakwenda. Ukikwama, soma kwanza walivyoandika waliotangulia, kisha uliza kwa ukamilifu na kwa adabu. Asiyejibiwa leo asitukane, kwani hakuna aliyelipwa kumjibu. Na ukisaidiwa, usiondoke kimya.

Mwezi wa Januari dada yangu alinipigia simu. Alisema hesabu zimekamilika, na wanakikundi wamezisoma katika mkutano na kuzikubali, ijapokuwa fedha mbili tatu ambazo hazikujulikana ni za nani ilimbidi azilipe yeye. Kisha akanieleza kwamba jioni ile barazani pake palikuwa na vijana wawili wa jirani, kila mmoja na kompyuta yake kuukuu, na mwanawe alikuwa akiwaelekeza.

Nikamwomba ampe simu. "Mjomba, nitakupigia baadaye," akaniambia upesi. "Huyu mmoja kompyuta yake haina sauti, na swali lake tumelifikisha katikati."